Mkamwana Asiyesalimia

Mwanangu Bupe,

Salamu sikuandikii, maana uko chumba cha pili na nakusikia unacheka na simu. Mambo ya tranka, godoro, ndoo na sabuni nayo nayaacha. Hayo tumeshagombana vya kutosha wiki nzima, na wewe sasa ni mtu mzima, ukisahau kandambili utanunua hukohuko Njombe. Barua hii naiweka chini kabisa, chini ya sweta, uikute ukishafika. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitapandisha sauti, na babu yako ndiyo kwanza ametulia.

Nina hasira, mwanangu. Nianze na hilo, usije ukadhani nimekaa hapa kulia kwa sababu tunaagana. Machozi yapo, lakini yamepanga foleni nyuma ya hasira.

Unajua kwamba ukoo umesema usiende. Hapo unajua nusu. Uliambiwa ungoje mwaka mmoja, umtunze babu, kidato cha tano kipo tu, hakikimbii. Ukaja kuniuliza, "Mama, kwani nikibaki kuna ubaya gani? Si babu yangu?" Nikakujibu nenda kakoroge uji. Nisamehe kwa jibu lile. Leo nakupa nusu iliyobaki, pamoja na yaliyotokea mchana huu ulipokuwa stendi Tukuyu unakata tiketi.

Nilipoletwa kwenye mji huu wa Kawetele nilikuwa bado sijamaliza kukua, darasa la saba nimemaliza juzi na wewe uko tumboni. Kitu mama yangu alichonifundisha kuliko vyote ni kumwogopa mkwe. Ninyi vijana mkisikia neno ukutila, yaani huko kumwogopa mkwe, mnacheka, lakini kwetu ilikuwa sheria. Mkamwana hamtazami baba mkwe usoni. Haketi alipoketi. Hamsalimii, na jina lake halitaji. Mkikutana njiani unaingia migombani, unageuka, unangoja apite. Nimeishi na babu yako mji mmoja umri wako wote, na uso wake nilikuwa naujua kwa ile picha ya ukutani.

Sikuandikii kwamba nilionewa. Yeye naye alikuwa akiniogopa vilevile, na kwa namna yake alikuwa ananilinda. Tumbo lilipokuwa kubwa, akitoka zizini alikuwa anaanza kukohoa mbali kabisa, kule kwenye mparachichi, ili nipate muda wa kunyanyuka taratibu niingie ndani, nisikimbie. Kikohozi cha uongo, hana hata mafua! Maziwa ya asubuhi anayaacha kizingitini, anagonga ndoo kwa fimbo, anaondoka. Hatukuwahi kusemezana, lakini nilijua kuna mtu huko nje ananifikiria. Heshima niliyoikuta ilikuwa hiyo. Kwa hiyo ujue sigombani na mila. Nagombana na watu wanaojifunika nayo ili kazi isiwaguse.

Bibi yako alipofariki ndipo tulipoanza kuona babu anapotea kidogo kidogo. Alisahau siku, akasahau njia ya kanisani, akasahau kwamba bibi amekufa, ikabidi afiwe upya kila asubuhi mpaka tulipojifunza kumwambia yuko shamba. Kitu kimoja tu hakikuondoka. Unajua alikuwa karani wa mizani ya chai, maisha yake yote alipima majani ya watu. Basi akabaki na mizani kichwani. Kila anayeingia anapimwa. Mchungaji alikuja kumwombea, babu akamtazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Kikapu chako kina mabua. Rudi ukachambue." Mchungaji akaitika amina.

Daktari alisema ni ugonjwa wa kusahau wa uzeeni. Haurudi nyuma, lakini mzee akitunzwa vizuri anaweza kuishi kwa furaha. Shangazi yako Sekela, dada yake baba yako, akasema daktari yule kijana mdogo, hajui kitu. Nikadhani ataongeza kwamba yeye anajua, na kwamba ataleta godoro lake hapa amwuguze baba yake. Akaongeza kwamba anachelewa, ana kikao cha akina mama.

Sasa nikusimulie siku ya soko la Mpuguso, maana wewe uliisikia kwa majirani. Ulikuwa shule. Babu alitoka asubuhi amevaa koti lake la suti, na chini sketi ya maua ya bibi yako, akashika njia ya sokoni. Nikamfuata. Lakini nimwite vipi? Jina lake sitaji. Kumshika mkono siwezi. Kupita mbele nimzuie, ndiyo kabisa! Basi nikawa namnyatia kama mwizi, akigeuka naruka migombani. Nikikutana na mtu namnong'oneza, "Tafadhali mwambie huyo mzee arudi nyumbani," na mtu anashangaa, "Si umwambie wewe, mama, huyo hapo?"

Kijana mmoja wa bodaboda akasimama.

"Mama, samahani. Unamfukuza huyu mzee, au yeye ndiyo anakukimbia?"

"Ni mkwe wangu."

"Aaa!" Akaelewa hapohapo. "Basi jifiche vizuri, kanga yako inaonekana."

Sokoni babu alisimama kwa wauza ndizi, ananyanyua mikungu kwa mkono, anawakata kilo kama wanavyokatwa wenye majani ya chai yaliyoloa. Wale akina mama walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akamwambia, "Karani, nionee huruma, nina watoto," naye akamwongezea kilo mbili za hewa. Mimi nyuma ya magunia ya viazi nilicheka kanga ikiwa mdomoni. Kisha nikajiona nilivyojikunja pale, mwanamke mzima, na yule mama asiyemjua ndiye aliyemshika mkono kumrudisha kwetu. Kicheko kikageuka uchungu.

Hata hivyo sikujifunza. Ilibidi aanguke.

Ilikuwa mvua ya huku unayoijua, inayonyesha kama ina kesi na mtu. Nikasikia sauti zizini. Babu amelala kwenye matope, anaita. Na mimi, Bupe, mwenye mikono miwili mizima, nikampita. Nikampita mbio kwenda kutafuta mwanaume wa kumnyanyua! Jirani hayupo, nikakimbia mpaka barabarani. Niliporudi na fundi baiskeli, mzee anatetemeka, matope mpaka mdomoni, na ng'ombe amesimama juu yake anamtazama. Nikaona mimi na yule ng'ombe tumefanya kazi moja.

Katika makosa yangu yote, na mengine unayajua, hilo ndilo ninaloomba usilirithi: kumkuta mtu kwenye matope ukaanza kujiuliza kama inaruhusiwa.

Kesho yake nikachemsha maji. Unakumbuka, maana wewe ndiye uliyeshika beseni. Nikajifunga kanga kichwani, nikaingia. Akaniuliza, "Wewe nani?" Nikasema la kwanza lililonijia: "Binti wa kazi, mzee. Nimeletwa leo." "Nani kakuleta?" "Mwanao." Akasema, "Leo kafanya la maana." Na wewe ukajifanya kuniita dada, ukashindwa, ukakimbilia nje kucheka. Tangu siku hiyo nikawa dada wa kazi ndani ya nyumba yangu.

Ila kuna siku moja sijakusimulia. Ulikuwa umeenda kukata majani ya ng'ombe. Namsugua mgongo, akaanza mwenyewe.

"Binti, wewe unajua kazi. Siyo kama mkamwana wangu."

Nikasimama na sabuni mkononi. "Mkamwana wako ana shida gani, mzee?"

"Kiburi. Miaka yote hii hajawahi kunisalimia. Hata mara moja!"

Nilichemka kuliko yale maji. Mimi! Niliyeruka migomba na mimba! Nikajikaza. "Labda anakuogopa."

"Aniogope kwa lipi? Mimi nakohoa, yeye anakimbia. Nakohoa, anakimbia." Akatikisa kichwa. "Umeolewa wewe?"

"Bado, mzee."

"Ninaye kijana wangu yuko Chunya, machimboni. Kaoa huyohuyo asiyesalimia. Nitakuoza wewe."

"Tabia yake ikoje huyo kijana?"

Akafikiri kwa haki, kama karani. "Si mbaya. Ila kuongea mpaka umsukume."

Bupe, nilicheka mpaka nikamwaga maji. Akaniona nacheka, naye akacheka, meno yake yale matatu yote nje, na tulipotulia akaniahidi ng'ombe wawili wa mahari na ndama juu. Nimechumbiwa na mkwe wangu kwa mume wangu mwenyewe, tena kwa bei nzuri kuliko ya kwanza.

Baadaye, nikianika nguo zake, nikafikiri. Kumbe alikuwa anaitaka ile salamu. Alikuwa anakohoa na kungoja. Asubuhi iliyofuata nikasimama mlangoni nikamsalimia kama baba yangu, "Mugonile, tata," akaitikia vizuri kabisa, akaniuliza habari za kwetu. Imekuwa hivyo kila asubuhi. Anadhani ni adabu ya binti wa kazi. Sawa tu.

Nakuambia haya kwa sababu shangazi yako anatangaza kwamba mimi namcheka mgonjwa. Mwanangu, kumcheka mtu na kucheka na mtu si kitu kimoja, na anayeona ni kimoja hajawahi kumwogesha mtu yeyote. Zamani nilikuwa namsahihisha babu. Hapana mzee, leo siyo Jumapili. Hapana mzee, hiki siyo kiwanda. Kutwa nzima hapana, jioni sote tumechoka na yeye analia. Nilipoacha kubishana nikaingia naye kiwandani, nikapanga foleni na kikapu changu, nyumba ikapoa. Mzee akikukata kilo, sema ndiyo karani. Inakupunguzia nini?

Basi Jumapili moja shangazi yako akaja na mkate wake na simu yake. Unajua picha zake. Anakaa karibu na baba yake dakika moja, anapiga, anatuma kwenye kundi la ukoo: Baba yetu mpendwa, Mungu azidi kukutunza. Mungu azidi! Kwa mikono ya nani? Nani alifua lile shati alilopigwa nalo picha? Siku hiyo alinikuta uani namkata babu kucha, mguu wake uko magotini pangu.

"Mama Bupe! Unamshika mkweo!"

Babu akainua uso. Mvua ilikuwa imemnyeshea Sekela njiani. "Majani haya yameloa," akasema. "Huyu akatwe kilo nne za maji."

Nikacheka. Ningefanyaje? Hicho kicheko ndicho kilichoitisha kikao cha ukoo.

Kwenye kikao mimi nilikuwa jikoni, mlango umerudishwa, maana mkwe yuko sebuleni. Niliwasikia wanavyonijadili kama nimesafiri. Kwamba nimevunja mila, na ndiyo maana mzee anazidi kuugua. Kwamba mjukuu ni mtani wake, si babu anakuita mke wangu? Basi mjukuu ndiye anayeruhusiwa kumwogesha. Hakuna aliyesema, tupokezane. Hakuna aliyesema, mimi nina chumba. Watu wazima waliojaa sebule wakatafuta begani kwa nani waweke mzigo, wakaona bega la mtoto ambaye hayupo. Baba yako alikuwepo, aliomba ruhusa kazini akaja. Akatazama viatu vyake. Alipofika Chunya akanipigia: "Mama Bupe, fanya unavyoona." Fanya unavyoona! Usimchukie baba yako, anakupenda. Lakini ukisikia mtu anakuambia fanya unavyoona, ujue amejitoa kwenye lawama na kukuachia zote.

Nafika mchana wa leo.

Walikuja shangazi Sekela na baba yako mkubwa, wakakaa na babu. Mimi jikoni namchemshia chai. Baba mkubwa akaita kupitia mlango.

"Mama Bupe, unasikia huko?"

"Nasikia, baba."

"Mtoto asisafiri kesho. Wewe umeshaharibu, acha mjukuu atengeneze."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nikausukuma mlango kwa kiwiko, nikaingia sebuleni. Palikuwa na kiti kitupu mbele ya babu, uso kwa uso. Nikakaa.

"Weee!" Sekela akaruka. "Toka! Mkweo yuko hapa!"

"Namwona, wifi."

Babu akanitazama kwa furaha. "Binti, hawa wanataka nini?"

Hapo, Bupe, ningeweza kubaki binti. Ilikuwa rahisi. Lakini nikaona: nikibaki binti wa kazi, basi nyumba hii haina mkamwana, na kazi hii haina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe watakubebesha wewe. Nikasema, "Mzee, mimi siyo binti wa kazi. Mimi ni mkamwana wako. Mama yake Bupe."

Akakauka. Niliona inamwingia pole pole, mambo yake yote ya zamani yanarudi usoni. Akageuka kushoto, kulia, hana pa kukimbilia. Akanyakua kitambaa cha kochi, kile cha kufuma, akajifunika kichwa.

"Mmeona?" Sekela akapiga makofi. "Mwenyewe kamkataa! Mwenyewe!"

Nilifikiri kesho sitaweza hata kumkaribia, nimeharibu kila kitu, na wewe utabaki. Nimekaa na kikombe cha chai yake, na mbele yangu mzee yuko chini ya kitambaa chenye matundu, jicho moja linanichungulia kwenye ua la katikati.

Kisha akasema humohumo ndani, "Bupe yuko wapi?"

"Kaenda kukata tiketi, tata."

"Ya wapi?"

"Njombe. Anaenda shule."

"Sasa kelele zote hizi za nini? Nani anamzuia?"

Nilimtazama Sekela, akatazama dirisha. Nilimtazama baba yako mkubwa, naye ameuma midomo, mabega yanamtikisika, mpaka kikamtoka kicheko kikubwa akashindwa kukirudisha. Sekela akachukua mkoba wake. Mkono wa babu ukatoka chini ya kitambaa, unapapasa hewani.

"Mkamwana," akasema. "Chai."

Hajawahi kuniita hivyo. Nikamwekea kikombe mkononi, nikavikunja vidole vyake vikishike vizuri. Akanywa hivyohivyo, kitambaa kikiingia kwenye chai.

Sijui asubuhi ataamka ananijua mimi ni nani. Huenda atanikimbia, huenda atanichumbia tena. Vyovyote atakavyoamka nitaingia na maji yangu ya moto. Nina imani tutazoeana, mimi na yeye; tumeanza kwa kuchelewa tu. Nawe ukija likizo huenda asikutambue. Usilie mbele yake. Simama wima, akupime, usikilize kilo zako, kisha umwambie mambo uliyosoma, hata asipoelewa. Na huko wakikupigia simu kwamba babu anakuita na eti urudi, nipigie mimi kwanza. Kazi hii ina mwenyewe.

Baba mkubwa alipokuwa anavaa kofia mlangoni, aliniuliza bila kunitazama, "Gari linaondoka saa ngapi?" Nikamwambia alfajiri. Akasema atakuja kubeba tranka.

Asipokuja, tutalibeba mimi na wewe. Lile swali la babu yako, nani anamzuia, mpaka sasa hakuna aliyelijibu. Panda gari, mwanangu.

Ni mimi,
Mama yako